Kwa nini Mackinnon aliondolewa Mombasa, askari wakabaki?

Pale Treasury Square palikuwa na sanamu ya Sir William Mackinnon, tajiri wa Scotland ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuanza kuitawala pwani hii. Baada ya uhuru ikang'olewa, ikapelekwa shule ya Keil, Dumbarton, huko huko kwao. Askari wa shaba walioko barabara ya Jomo Kenyatta, ukumbusho wa Waafrika waliohudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakuguswa.

Enzi hizo uamuzi wa wakubwa ulitosha. Siku hizi kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, nayo haiulizi kama aliyechongwa alikuwa mwema au dhalimu. Kitu kinachohamishika huhesabiwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Mwaka huo ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa, kwa hiyo sanamu nyingi za wakoloni hazimo. Jengo au mahali, hata pa juzi, hulindwa waziri akishapatangaza katika Gazeti Rasmi. Mwenye pingamizi ana miezi miwili ya kuliwasilisha. Jengo au mahali pakishatangazwa, kaunti haiwezi kuja na winchi asubuhi ikamaliza kazi. Tena Katiba inadai wananchi washirikishwe.

Na winchi yenyewe ina mambo yake. Sanamu ya shaba kwa kawaida hushikwa na vyuma vinavyotoka nyayoni hadi ndani ya msingi. Ukiivuta kabla ya kuvikata, inapasuka vifundoni. Mikanda hupitishwa kwapani na kiunoni, kamwe si shingoni. Kwa chumvi ya bahari yetu, vyuma vikiwa vya kawaida huota kutu, vikavimba na kulipasua jiwe, hivyo msingi huenda ukamomonyoka hata kama sanamu imetoka salama.

Kuhusu wale askari, ubishi wenye uzito ni wa majina. Ukumbusho wa Nairobi, ndugu wa huu, unaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe hayapo. Ripoti ya 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wamo humo. Kuzing'oa sanamu hizi hakutawarudishia chochote. Afadhali zibaki, na majina yatakayopatikana yaandikwe kando yake.