Mtoto ameumia kichwa: maswali ya wazazi wodini

Nafanya kazi wodi ya watoto huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na msimu wa maembe ukianza tu tunajua nini kinakuja, watoto wa kuanguka mtini, halafu wale wa kugongwa na boda ambao hao hawana msimu. Wazazi wanauliza maswali yaleyale. Nayajibu hapa kwa sababu wengi wanayauliza wakati tayari wamechelewa.

Kuumia ubongo maana yake nini?
Kichwa kikigongwa kwa nguvu ubongo unatikisika ndani ya fuvu, unaweza kuvimba au mshipa ukapasuka damu ikavuja. Fuvu ni gumu, halitanuki, kwa hiyo damu ikijaa mle ndani kinachobanwa ni ubongo.

Mtoto hana kidonda wala hatoki damu, si yuko sawa?
Hapana. Narudia tena, hapana. Damu ya hatari ni ile usiyoiona. Mtoto anaweza kuanguka, akazimia kidogo, akaamka, akalia, akaomba chai, akacheza na wenzake na nyinyi mkashukuru Mungu, halafu baada ya masaa matatu manne anasema kichwa kinauma, anatapika, anaanza kusinzia. Ule muda aliokuwa anacheza ndio unaodanganya watu, kwa sababu damu ilikuwa inavuja polepole muda wote huo. Mwingine kapasuka ngozi ya kichwa, damu imejaa shati nzima, kila mtu anapiga kelele, kumbe ndani hana kitu. Kidonda cha nje peke yake hakitoshi kukwambia ya ndani.

Basi alale tu, asubuhi tutaona?
Hili ndilo neno nalotaka life kabisa. "Tutaona asubuhi." Mama, baba, shangazi, jamani, asubuhi ni mbali sana kwa mtoto ambaye ubongo wake unabanwa! Sisemi mtoto asilale kabisa, watoto wanachoka na kulia kunachosha. Ila mtoto aliyegongwa kichwa akilala lazima umwamshe, usiku huohuo, kila baada ya masaa mawili hivi, na kumwamsha sio kumgusa akageuka upande mwingine, ni afungue macho, akutambue, ajibu jina lake, aseme maneno yake ya kawaida. Akiwa mgumu kuamka au anaongea vitu visivyoeleweka, huo sio usingizi. Ondokeni saa hiyohiyo.

Ni dalili gani za kukimbiza hospitali?
Alizimia hata kidogo, anatapika zaidi ya mara moja, anasinzia kupita kawaida, amepata degedege, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, mkono au mguu mmoja umelegea, anayumba akitembea, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, maji maji au damu inatoka puani au sikioni. Kwa kachanga angalia utosi kama umetuna, au anakataa kunyonya, au analia mlio ambao mama mwenyewe anajua sio wake. Moja inatosha, usingoje zifike tatu. Na kama kaanguka kutoka juu kuliko kimo chake, au kagongwa na boda au gari, au hajafika mwaka mmoja, mlete hata kama anacheka. Hatutakufukuza. Tunafurahi sana tukikurudisha nyumbani na mtoto mzima.

Tumkande kwanza hiyo nundu?
Usiikande, usiisugue na mafuta ya simsim, usimchanje. Kama mfupa umevunjika hapo chini wewe unausukuma ndani. Na ile tabia ya kupitia duka la dawa achomwe sindano ya maumivu, naomba iishe: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuongeza kuvuja damu. Panadoli ya kipimo cha umri wake inatosha kama yuko macho na anameza vizuri. Anayesinzia usimpe chakula wala maziwa, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Akipata degedege mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimwekee kijiko mdomoni, usimmwagie maji, na angalia saa, kwa sababu tutakuuliza ilichukua dakika ngapi.

Boda amekubali kulipa elfu hamsini, bado twende?
Naona hii mara nyingi mpaka inanichosha. Mtoto amekaa kwenye kiti cha dukani, watu wazima wanabishana hela ya boda, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, anaitwa, wengine wanataka kwanza fomu ya polisi, masaa mawili yamekwisha. Mtoto kwanza! Fomu ya polisi inajazwa hata akiwa kitandani, na mwenye boda mtampata tu kesho.

Tulipiga eksirei, ikatoka safi.
Eksirei ya kichwa inaonyesha mfupa, haionyeshi ubongo. Mzazi ananionyesha ile picha juu kwenye mwanga wa dirisha, ananiambia nesi tazama, hakuna shida, na mtoto amelala begani hashtuki. Kinachoonyesha damu ndani ni CT skani. Sio kila mtoto anaihitaji, ina mionzi na hela yake ni nyingi, lakini daktari akisema inahitajika msikae wiki mnachanga, mwambieni mapema hamna pesa ili watu wa wodi wajue wafanye nini.

Tukifika hospitali tuseme nini?
Anza na saa aliyoanguka, sio "jana jana". Kaanguka kutoka wapi, alizimia au hakuzimia, katapika mara ngapi, kapewa dawa gani, na ya mitishamba itaje pia, hatutakugombeza, tunataka kujua tu. Kama ulirekodi ile degedege kwenye simu tuonyeshe. Halafu na wewe uliza: kuna damu ndani? anahitaji opereshini? inafanyika hapa au tunapelekwa mbele? Utasikia manesi wanasema namba, yule ni kumi na tatu, yule ni tisa. Hicho ni kipimo cha fahamu kinachoitwa Glasgow, 15 ni mtoto aliye macho vizuri na 3 ndiyo ya chini kabisa, kwa wadogo sana kinabadilishwa kidogo. Uliza asubuhi na jioni namba ya mwanao inapanda au inashuka, ni haki yako kujua.

Wanatupeleka Kampala, lazima?
Vituo vya afya vya daraja la pili na la tatu haviwezi kupasua kichwa, kazi hiyo ni ya hospitali kubwa zenye madaktari wa ubongo kama Mulago ya Kampala au Mbarara. Kutoka Arua mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 450, kwa hiyo ukiambiwa mchana ondoka mchana, usirudi kijijini kuuliza wazee. Chukua barua ya rufaa, picha zote, orodha ya dawa alizopata na saa alizopata, na muombe nesi apige simu mbele kabla hamjaondoka.

Amepona lakini amebadilika, anasahau, ana hasira.
Ubongo unachelewa kupona kuliko ngozi. Usimchape kwa sababu amekuwa mzito darasani, zungumza na mwalimu, aanze masomo kidogo kidogo, mpira na kupanda miti akae mbali mpaka daktari aseme, maana kugongwa tena kabla hajapona ni mbaya zaidi. Rudi kliniki siku uliyoandikiwa hata kama anaonekana mzima. Kama alipewa dawa za degedege usiziache ati kwa sababu hajapata degedege mwezi mzima, hajaipata kwa sababu anazimeza.

Ni saa nane usiku, hatuna gari, tufanye nini?
Gonga kwa VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji, gonga kwa mwenyekiti, gonga kwa jirani mwenye gari hata kama mligombana. Mbebeni kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, watu wawili watatu, shingo isizunguke, akitapika mgeuzeni mwili wote pamoja kwa ubavu. Boda iwe ya mwisho kabisa kama hakuna kitu kingine. Na mmoja abaki anapiga simu kituo cha afya kuwaambia mko njiani, ili mkifika mlango uwe wazi na mtu ameamka.