Lang Ping na mataji matano ya China

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba Lang Ping, mshambuliaji aliyepewa jina la utani la Nyundo ya Chuma, alicheza katika mataji yote matano mfululizo ya timu ya wanawake ya China ya mpira wa wavu. Sivyo ilivyokuwa. Uwanjani alishinda manne: Kombe la Dunia la 1981, ubingwa wa dunia wa 1982, dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, ambako Marekani ilifungwa seti 3-0 katika fainali, na Kombe la Dunia la 1985.

Taji la tano, lililopatikana Czechoslovakia mwaka 1986 kwa kuifunga Kuba, lilimkuta akiwa kocha msaidizi. Mchezaji pekee aliyekuwamo kikosini mara zote tano ni Liang Yan, ambaye jina lake, kwa maoni yangu, limefunikwa isivyo haki.

Huenda kosa hili limeimarishwa na mambo yaliyofuata: mwaka 1990 Lang Ping alirejea kucheza na kupata medali ya fedha, na mwaka 2016 aliiongoza China kutwaa dhahabu Rio de Janeiro akiwa kocha mkuu.