Je, wajua jinsi dhahabu nyekundu inavyoifichua zebaki majini?

Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua vizuri tabia ya zebaki: ukiichanganya na mchanga uliosagwa, huikamata dhahabu na kuuacha mchanga. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki ikapaa kama mvuke, dhahabu ikabaki. Lakini si zebaki yote inayopaa. Nyingine hutiririka na maji ya kuoshea hadi mabwawani na mitoni, na hapo haina rangi, harufu wala ladha ya kumwonya anayechota ndoo.

Shirika la Afya Duniani linashauri zebaki isiyo ya kikaboni isizidi mikrogramu 6 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ni kiasi kidogo kupindukia: gramu moja tu, ikiyeyuka katika matangi 33 ya lita 5,000, inatosha kuyafikisha maji yote hayo kwenye kikomo. Kwa kawaida kupima kiasi hicho huhitaji maabara yenye mashine za bei kubwa. Ndiyo maana watafiti waliigeukia dhahabu yenyewe.

Dhahabu ikiwa katika chembe za nanomita 13 hivi (unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 kwa makadirio), haiwi ya manjano tena. Chembe hizo zikielea majini, maji huwa mekundu kama juisi ya choya. Michael Faraday aliueleza wekundu huo jijini London mwaka 1857: ni dhahabu ileile, ila imegawanyika mno. Mwanga ukizipiga chembe, elektroni zake huyumba kwa pamoja na kuumeza mwanga wa kijani. Kinachofika machoni ni chekundu. Chembe zikisogeleana hadi karibu kugusana, kuyumba huko huathiriana, zikaanza kumeza mwanga wa mawimbi marefu zaidi. Hapo maji hugeuka zambarau, kisha bluu.

Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kinachozikusanya ni zebaki, si kitu kingine. Na hapa ndipo ugumu ulipo, kwa sababu hata chumvi ya mezani huzikusanya. Chembe hizi husukumana kwa chaji hasi zilizo juu yake. Chumvi huidhoofisha nguvu hiyo, zikagandana.

Suluhisho lake linanivutia kuliko yote: chumvi ileile hupewa kazi. Kwanza chembe huchanganywa na nyuzi fupi za DNA zenye timini nyingi, ile herufi T ya vinasaba. Nyuzi hujibandika kwenye dhahabu na kuikinga, hivyo chumvi ikitiwa, maji hubaki mekundu. Lakini ayoni ya zebaki, yaani atomi yake yenye chaji, hupenda kukaa katikati ya timini mbili na kuzifunga kama kifungo cha shati. Zebaki ikiwepo, uzi hujikunja, dhahabu inakosa kinga, chumvi inaikusanya, na maji yanageuka bluu mbele ya macho yako. Ayoni za risasi au shaba hazifungi timini kwa namna hiyo.

Mwaka 2007 kundi la Chad Mirkin, wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, lilitumia kifungo hichohicho cha timini kwa njia yake, likatambua zebaki hadi mikrogramu 20 hivi kwa lita. Ni mafanikio makubwa, ila bado ni zaidi ya mara tatu ya kikomo cha maji ya kunywa. Kwa hiyo rangi kubaki nyekundu katika kipimo cha namna hiyo haitoshi kuyaita maji salama. Inabidi mbinu iongezewe makali, au rangi isomwe kwa kifaa badala ya jicho.

Tena kipimo hiki huona ayoni zilizoyeyuka tu. Zebaki iliyozama kwenye tope, au ile ambayo bakteria wameigeuza kuwa methili-zebaki na kuingia mwilini mwa samaki, haibadilishi rangi hiyo. Ili ipimwe, sampuli ya tope au minofu huchemshwa kwanza kwa asidi kali maabarani.