Kuhama kwa kazi za viwandani na mustakabali wa nchi zenye ujira mkubwa

Kuhama kwa kazi za viwandani ni hali ambapo kampuni ya nchi yenye ujira mkubwa huacha kutengeneza bidhaa zake kwao, ikaipeleka kazi hiyo nchi yenye ujira mdogo, kisha bidhaa ikarudishwa kuuzwa kule kule ilikotoka. Mara nyingi kinachohama si kiwanda kizima bali baadhi ya hatua za kazi, hasa kushona, kuunganisha na kufungasha, ilhali usanifu, utafiti na jina la biashara hubaki makao makuu. Kampuni inayofungua kiwanda nchi ya nje ili iwauzie watu wa huko huko haimo katika maana hii, ingawa wanasiasa hupenda kuyachanganya mambo haya mawili.

Tofauti ya ujira baina ya nchi na nchi ni ya zamani. Kilichobadilika ni gharama ya kuvusha mali baharini, iliyoshuka mno baada ya mfanyabiashara Mmarekani Malcom McLean kusafirisha makontena yake ya mwanzo kwa meli kutoka Newark hadi Houston mwaka 1956. Mikataba ya biashara ikafuata, na China ikaingia katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Marekani, iliyokuwa na wafanyakazi wa viwandani wapatao milioni 19.5 mwaka 1979, ilibakiwa na kiasi cha milioni 11.5 mwaka 2010. Wachumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson, pamoja na wenzao, walikadiria kuwa ushindani wa bidhaa za China uliondoa ajira baina ya milioni 2 na 2.4 kati ya mwaka 1999 na 2011, zikiwemo za nje ya viwanda. Si haki, basi, kumtwika Mchina mzigo wote, kwa sababu mashine nazo zilichukua sehemu yao.

Hata hivyo, ujira mkubwa peke yake haukihamishi kiwanda. Mwajiri hutazama ujira pamoja na tija, yaani kiasi kinachozalishwa na mfanyakazi mmoja kwa saa moja, kwani fundi anayelipwa mara 10 ya mwenzake lakini akazalisha mara 12 ndiye aliye rahisi. Ndiyo maana Ujerumani, ambako ujira ni mkubwa na vijana wengi hujifunza ufundi kiwandani huku wakisoma chuoni, bado hupata takriban sehemu moja ya tano ya pato lake kutokana na viwanda.

Ushahidi wa jambo hili tunao hapa Zanzibar. Mwani wa Paje na Jambiani, ambao kilimo chake cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wake wengi ni wanawake, kwa miongo kadhaa umekuwa ukianikwa na kusafirishwa ukiwa mkavu hadi nchi kama Denmark na Ufaransa, ambako hutolewa karaginani, yaani kitu cha kuzidisha uzito wa ute, inayotiwa katika aiskrimu na dawa ya meno. Lau ujira mdogo ungetosha kuvuta viwanda, kazi hiyo ingekwishahamia Unguja zamani. Lakini inahitaji kemikali, maji matamu mengi na umeme usiokatika, na umeme wetu hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Kuanzia Disemba 2009 Unguja ilikaa takriban miezi 3 bila huo. Kwa upande wa Pemba, kiwanda cha Wawi hukamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, papo hapo, hali karafuu yenyewe huondoka kisiwani ndani ya magunia.

Kwa nchi zenye ujira mkubwa, naona mustakabali wao umo katika hatua zenye tija kubwa, iwe ni kiwandani au katika huduma. Ushuru wa forodha unaweza kukirudisha kiwanda, lakini kitarudi na roboti nyingi na watu wachache. Lililo gumu zaidi ni kwamba faida ya bidhaa rahisi huenea kwa wanunuzi wote, lakini hasara huangukia mji mmoja mmoja, na mshonaji wa miaka 50 aliyeachishwa kazi hageuki mhandisi kwa sababu tu nchi yake inawahitaji wahandisi. Nadharia ya biashara husema waliofaidika wanaweza kuwafidia waliopoteza na bado wakabakiwa na ziada. Marekani ilianzisha mpango wa msaada wa namna hiyo mwaka 1962, ukabaki mdogo mno kulingana na waliopoteza.