Wifi kaondoka, presha imebaki

Wiki hii nimeisikia tena. Mama wa miaka hamsini na kitu, ametulia kwenye kiti, anatabasamu, na mashine inasoma 178/104. Namuuliza kuhusu vidonge. "Niliacha, daktari. Ile ilikuwa presha ya mawazo tu. Wifi yangu alikuwa ananisumbua pale nyumbani, sasa kahama, huu mwezi wa tatu." Nikangoja dakika tano, nikapima mkono wa pili: 174/102. Wifi kaondoka, presha haina habari.

Nimechoka na hii "presha ya mawazo". Si kwamba mawazo hayahusiki, yanahusika, nitafika huko. Kinachoniudhi ni kwamba jina hilo limezaa magonjwa mawili: presha ya kweli, ambayo ina vidonge, na presha ya mawazo, ambayo hupona ugomvi ukiisha. Mshipa wa ubongo haujui tofauti hiyo. 178 ni 178, iwe imeletwa na wifi, chumvi au babu yako aliyekurithisha.

Mkigombana usiku, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, namba ya juu inaruka. Huo si ugonjwa, ni mwili unafanya kazi yake, na mkishanuniana vya kutosha inashuka. Watu wengi wanadhani hasira hizo zinajaa mwilini kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo, na siku ndoo ikimwagwa unapona. Sivyo. Presha ya miaka inapangwa zaidi na figo. Ikipanda, figo yenye afya hutoa chumvi na maji zaidi mpaka irudi chini. Ili ibaki juu, lazima figo nayo ikubali kufanya kazi katika kiwango kipya. Msongo una njia ya kuishawishi: neva zinazoingia kwenye figo huamsha renini, kemikali ya figo inayoanzisha kazi ya kubakiza chumvi, hivyo chumvi inabaki mwilini, maji yanaifuata. Na figo ikishazoea, haiangalii nani kahama.

Ila kwa ninayoyaona kila siku, ugomvi wa nyumbani unapita zaidi milango ya pembeni. Mtu halali. Anaongeza pombe. Kichwa kinamuuma, anameza diklofenaki au ibuprofeni kila siku, na hizo zenyewe zinapandisha presha. Au anasahau vidonge vyake, kwa sababu nani anakumbuka vidonge nyumba ikiwaka moto? Kwa hiyo nikikuuliza "nyumbani kukoje", usidhani natafuta umbea.

Sasa wanaume na wanawake. Kabla ya miaka 50 hivi wanaume ndio wenye presha zaidi. Baada ya ukomo wa hedhi wanawake wanawafikia, hata kuwapita. Kama uliwahi kupata presha au kifafa cha mimba ukiwa mjamzito, niambie hilo kabla hujaniambia habari za wifi.

Kuna utafiti wa 1991 ninaoupenda na kuutilia shaka kwa pamoja. Watu wenye presha waliketishwa na wenza wao, wakaambiwa wazungumzie jambo linalowagombanisha, huku presha inapimwa. Kwa wanawake, maneno ya uhasama yaliipandisha. Maneno mazuri hayakuwa na uhusiano nayo. Kwa wanaume, ilifuata tu kasi ya kuongea kwao. Wagonjwa hawakufika hata 50, na ugomvi wa chumba cha utafiti si ule wa jikoni saa tano usiku. Lakini unafanana na kile mwanasaikolojia Marianne Frankenhaeuser na wenzake walichokiona Sweden miaka ya 1980, walipopima homoni za mameneja wa Volvo: jioni baada ya kazi, noradrenalini, homoni ya msongo iliyo ndugu wa adrenalini, kwa wanaume ilishuka, kwa wanawake ikapanda. Kwa mmoja nyumbani ni kupumzika, kwa mwingine ni zamu ya pili.

Wanaume msishangilie. Nyinyi mna kosa lenu: "mimi sina mawazo, nitapataje presha?" Kliniki mtu wa namna hiyo anasoma 128/80, nyumbani 150/95. Hiyo ni presha iliyojificha, na inaua kama iliyo wazi. Kichwa kutouma si ushahidi wa chochote.

Na hapa nikiri. Kulikuwa na watawa wa Italia, 144, walioishi ndani ya monasteri kwa ukimya, waliofuatiliwa pamoja na wanawake 138 wa nje kwa miaka 20, kisha 30. Wanawake wa nje presha iliwapanda kadiri umri ulivyosogea. Watawa, karibu haikusogea, ingawa chumvi waliyokula haikutofautiana na ya wenzao. Kila nikiukumbuka utafiti huo najiuliza kama sina haraka mno ya kumnyamazisha mgonjwa anayelalamikia nyumba yake. Lakini hakuna aliyeingizwa utawani kwa bahati nasibu, kama utafiti wa haki unavyotaka. Walichagua wenyewe, na hawakuzaa. Ni ukimya, ni maombi, ni kukosa mimba, au ni kukosa mawifi? Na hata kama ni nyumba, siwezi kuandika talaka kwenye karatasi ya dawa.

Yule mama nimemrudishia vidonge. Nimempa kazi ya kupima nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili kila safari: akojoe kwanza, aegemee, mkono ulingane na moyo, asiongee. Namba za siku ya kwanza tutazitupa, huwa zina wasiwasi wa mashine mpya. Akauliza: wifi anakuja Jumamosi kuwasalimu, siku hiyo apime au aiache? Nikamwambia apime, tena aandike saa aliyofika na saa aliyoondoka. Namba hizo nazitaka kweli.