BCL11A, protini inayoizima himoglobini ya kichanga

Mama mmoja alinishika dirishani pa maabara akiwa na karatasi ya majibu mkononi. "Daktari, mwanangu huyu kazaliwa mzima. Miezi mitano hajalala na homa hata siku moja. Selimundu kaipata wapi?" Mtoto alikuwa mgongoni. Viganja vyake vilikuwa vimevimba hadi ngozi inang'aa, na kila kanga ilipomgusa vidole alilia.

Swali lake lina haki ya kujibiwa vizuri, na kila mara nikilijibu kwa haraka huwa najuta. Mtoto hakuipata popote, alizaliwa nayo. Miezi mitano ile alilindwa na damu aliyotoka nayo tumboni, na ulinzi huo uliondolewa na protini moja iitwayo BCL11A.

Mtoto tumboni hatumii himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, kama yetu. Yake ina minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama, na siku anapozaliwa hiyo ndiyo asilimia 60 hadi 80 ya himoglobini yote aliyo nayo. Baadaye gama hupungua na beta hushika nafasi yake. Kosa la selimundu liko kwenye beta, jeni iliyoko kromosomu ya 11: herufi moja ya DNA imebadilika, na kwenye mnyororo, mahali pa kijenzi kiitwacho asidi ya glutamiki pamekaa kingine, valini. Himoglobini ya namna hiyo ikishaachia oksijeni hushikana na wenzake, ikajisokota kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu ikapinda kama mundu. Gama haina valini hiyo, tena ikiwa nyingi ndani ya chembe huzizuia nyuzi zisiungane. Daktari Janet Watson wa New York aliliona jambo hili mwaka 1948: watoto wachanga wenye selimundu walikuwa na nafuu kwa sababu ya himoglobini yao ya kichanga. Ila nani anayeizima, hilo lilisubiri miaka 60.

Jibu lilikuwa kwenye jeni ambayo watu wa damu hawakuwa wakiiangalia. BCL11A iko kromosomu ya 2, na jina lake limetokana na saratani za chembe nyeupe. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliolinganisha vinasaba vya watu wenye himoglobini nyingi ya kichanga na wenye kidogo waliangukia hapo hapo. Mwaka 2008 maabara ya Stuart Orkin, Boston, ikaonyesha kuwa protini hii ukiipunguza kwenye chembe changa za damu, gama inarudi. Mwaka 2011 wenzetu wa Muhimbili walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Tanzania na Uingereza, na BCL11A ilikuwemo tena. Hilo nalitaja kwa fahari, maana mara nyingi elimu ya ugonjwa wetu hupatikana kwenye damu za mbali.

Inafanyaje kazi? Protini hii ina sehemu ziitwazo vidole vya zinki, na vitatu kati yake huigusa DNA na kutambua herufi sita: TGACCA. Herufi hizo zipo nyuma kidogo ya mwanzo wa jeni ya gama, kama herufi 115 hivi. BCL11A ikishakaa pale huwaita wasaidizi wanaoikaza DNA, na gama haisomwi tena. Wapo watu waliozaliwa na herufi moja tofauti mahali hapo, hasa Ugiriki. Protini haishiki vizuri, nao wanaishi maisha yao yote wakiwa na himoglobini nyingi ya kichanga, wala haiwadhuru.

Mbona basi tusiing'oe jeni yote? Kwa sababu ubongo unaihitaji. Watoto waliozaliwa na nakala moja yenye kasoro huchelewa kusema na kujifunza, ingawa gama yao inabaki juu. Chembe zinazotengeneza kingamwili nazo zinaitegemea. Njia ilipatikana mwaka 2013: ndani ya jeni yenyewe kuna kipande kidogo cha DNA kinachoipandisha kwenye chembe zinazoelekea kuwa nyekundu tu. Kipande hicho kina mahali panaposhikwa na protini nyingine, GATA1. Pakate hapo, na BCL11A inashuka kwenye damu huku ubongo haujui lolote.

Ndivyo inavyofanya tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Seli shina za mgonjwa, zile zinazozaa chembe za damu, huchukuliwa, DNA yake hukatwa mahali hapo kwa CRISPR, mkasi wa kukata DNA, kisha hurudishwa baada ya uboho wake kusafishwa kwa dawa kali za saratani. Victoria Gray wa Mississippi alitibiwa mwaka 2019, na mashambulizi ya maumivu yaliyomwandama tangu utotoni yakakoma. Beta mbovu anayo mpaka leo. Hakuna aliyeigusa.

Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na sijui kumwambia mzazi habari ya tiba hii bila kumwambia na bei. Kinachopatikana kwetu ni haidroksiyurea, kidonge ambacho nacho hupandisha himoglobini ya kichanga, ijapokuwa kwa njia nyingine na kwa kiasi kinachotofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Yule mtoto alianzishiwa haidroksiyurea. Mashine yetu huchora himoglobini kama vilima kwenye karatasi, na kilima cha F, himoglobini ya kichanga, hutangulia kile cha S, ya selimundu. Mama yake alipokuja kuchukua majibu ya karibuni nilimwekea karatasi mbili juu ya meza, ya zamani na mpya. Akaweka kidole kwenye F ya kwanza, akakihamishia kwenye ya pili.

"Hiki ndicho alichozaliwa nacho?"

"Ndicho, mama. Kimeongezeka."

Aliomba apewe karatasi zote mbili.