Kata ya Wamormoni si ibada ya Jumapili

Mazungumzo kuhusu Wamormoni wa Marekani hayaendi mbali kabla mtu hajasema kwamba "kata zao zimepooza". Anachomaanisha ni kwamba zamani walikuwa na dansi, maigizo, ligi za mpira wa kikapu na karamu kila mwezi, na sasa wanakwenda kanisani, wanaimba, wanarudi nyumbani. Habari yenyewe ni ya kweli. Kinachosumbua ni jinsi neno kata linavyotumiwa humo, kana kwamba ni jina jingine la ibada, na zile shughuli zilikuwa starehe ya pembeni iliyokwisha kwa sababu watu walichoka. Ukianzia hapo, historia yote inapinda.

Kata, katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ni eneo lenye mipaka pamoja na waumini wote wanaoishi ndani yake, chini ya askofu mmoja asiyelipwa mshahara. (Hilo ndilo jina kamili la kanisa, na tangu 2018 viongozi wao wamesisitiza litumike. Nasema "Wamormoni" kwa sababu ndilo jina ambalo wasomaji wengi wanalijua.) Kata kadhaa zikiunganishwa ni kigingi. Kundi dogo lisilofikia kuwa kata ni tawi. Muumini hachagui kata. Anwani ya nyumba yake ndiyo inayomchagulia, na akihamia upande wa pili wa barabara ya mpaka, kumbukumbu zake za uanachama zinahamishwa naye.

Mtanzania anaposikia kata anamfikiria diwani, na hapo hajakosea sana, kwa sababu asili ya kata ya Wamormoni ni serikali ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1840, Wamormoni walipojenga Nauvoo, Illinois, kando ya mto Mississippi, mji uligawanywa katika kata kama miji mingine ya Marekani, kisha maaskofu wakagawiwa kata hizo ili wajue nani hana kuni, nani hana unga. Walipofukuzwa na kukaa majira ya baridi kando ya mto Missouri, 1846 hadi 1847, waligawana kambi kwa namna hiyohiyo. Februari 1849 Salt Lake City, makao yao mapya katika Utah ya leo, ikakatwa kata 19, kila moja ikiwa na mitaa tisa hivi ya mraba, na kila moja ikapewa askofu. Huyo ndiye aliyepokea zaka, nyingi zikiwa ngano, kuku, mayai na siku za kazi. Ndiye aliyesimamia uchimbaji wa mifereji ya maji na kusuluhisha ugomvi wa ua na mifugo.

Ibada kubwa ya Jumapili, kwa miaka mingi, ilikuwa moja ya mji mzima katikati ya mji. Kata zilikutana jioni, kwa kiasi. Kwa hiyo kata ilikuwapo kabla ya ibada yake. Ilianza kama watu wanaopakana, wenye mfereji mmoja, shule moja na wajane wao wa kuwatunza. Ibada ya kata ilikuja kuwa kubwa baadaye, ikafunika mengine, mpaka leo watu wanadhani ndiyo yenyewe.

Kigingi nacho kinatoka Isaya 54:2, kwenye hema inayopanuliwa: ongeza urefu wa kamba zako, vikaze vigingi vyako. Kila kigingi kimechomekwa ardhini mahali fulani, na hapo tena tunarudi kwenye ardhi na watu wake.

Sasa, kucheza. Wengi wanashangaa kanisa linalokataza pombe, tumbaku, chai na kahawa lilipataje kuwa na dansi. Jibu limo katika maandiko yao wenyewe. Kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, sehemu ya 136, ufunuo wa kiongozi wao Brigham Young wa Januari 1847, uliotolewa kambini wakati watu wakifa kwa baridi na maradhi, unasema katika aya ya 28 kwamba mwenye furaha amsifu Bwana kwa kuimba, kwa muziki, kwa kucheza. Waliuchukua kama agizo. Ukumbi wao wa dansi na maigizo uliwekwa wakfu Salt Lake City tarehe 1 Januari 1853, na jumba kubwa la maigizo likafunguliwa Machi 1862. Hekalu la mji huohuo lilikamilika 1893. Jumba la maigizo liliwahi hekalu kwa miaka 31.

Katika karne ya 20 kazi hii ilibebwa na chama cha vijana kilichofahamika kama MIA, chenye mizizi ya 1869 kwa wasichana na 1875 kwa wavulana. Kilikutana usiku wa katikati ya wiki, na licha ya jina la vijana, watu wazima walikuwa humo kwa wingi. Kilikuwa na vitabu vyake, viongozi wake, bajeti yake. Kila mwaka kata au kigingi kilifanya dansi ya Dhahabu na Kijani, rangi za chama. Mpira wa kikapu ulianzia kata, ukapanda kigingi, ukapanda kanda, ukaishia mashindano ya kanisa zima Salt Lake City, yaliyofanyika mara ya mwisho 1971.

Igizo la kuzunguka ndilo linaloonyesha vizuri mambo yalivyokwenda. Kata ilitunga igizo lake lenye nyimbo, la dakika kumi hadi robo saa. Mtunzi, mpiga piano, fundi wa mavazi, mchoraji wa mandhari, wote walitoka ndani ya mpaka wa kata. Usiku wa maonyesho kundi lilicheza katika jengo moja, likafungasha, likapanda magari, likakimbilia jengo la pili huku kundi la kata nyingine likiingia nyuma yake, hivyo hivyo mpaka kila kundi limemaliza mzunguko. Mandhari ililazimika kuwa nyepesi: maboksi yaliyofunguliwa, fito, shuka zilizopakwa rangi. Lililoharibu kazi mara nyingi ni usafiri. Kundi moja likikwama na gari, jengo linalofuata linabaki na hadhira iliyokaa na jukwaa tupu, na ratiba ya kigingi kizima inavunjika. Ndiyo maana mtu asiyeweza kuimba hata kidogo alikuwa na cheo kikubwa usiku huo ikiwa alikuwa na lori.

Huyo mwenye lori ndiye hoja yangu. Shughuli ya kata haikuwa onyesho ambalo watu walikwenda kulitazama. Ilikuwa kazi iliyomlazimu askofu, fundi bomba, mwalimu na mjane wa nyumba ya pembeni wahitajiane, ilhali wasingechaguana marafiki. Ukiita hiyo starehe, unalazimika pia kuiita starehe kazi ya kushona mifarishi kwa ajili ya bazaa ya akina mama, kupalilia shamba la kata chini ya mpango wa ustawi ulioanza 1936, na kubeba matofali ya jengo la ibada ambalo waumini walilijenga kwa mikono na fedha zao. Yote yalikuwa kundi moja la mambo, na yote yamepungua pamoja.

Yamepunguaje? Hapa ndipo maelezo ya "walichoka" yanapokosea zaidi. Kila nguzo iliondolewa kwa uamuzi, na uamuzi wenyewe mara nyingi ulikuwa na sababu nzuri.

Kwanza ilikuja kazi ya uratibu, iliyoanza miaka ya 1960 chini ya Harold B. Lee, mmoja wa mitume wa kanisa: kila chama kilichokuwa na fedha na vitabu vyake kiliwekwa chini ya mamlaka ya ukuhani, yaani maaskofu na viongozi wanaume wenzao. Muungano wa Usaidizi wa akina mama uliacha kujisimamia kifedha 1970, na bazaa zikaondoka nao. MIA ilipangwa upya, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 hata jina lilikuwa limeachwa.

Kisha ratiba. Hadi 1980, familia ya kawaida ilikwenda kanisani asubuhi ya Jumapili, ikarudi nyumbani, ikaenda tena jioni kwa mkutano wa sakramenti, yaani ibada yenyewe. Akina mama walikutana siku ya wiki asubuhi, watoto siku ya wiki baada ya shule, vijana usiku mwingine. Tarehe 2 Machi 1980, Marekani na Kanada, mikutano mikuu ikaunganishwa kuwa saa tatu mfululizo Jumapili. Petroli ilikuwa ghali, na waumini wa nje ya Utah walisafiri mbali. Hakuna mzazi mwenye watoto watano aliyelalamika. Lakini pamoja na safari zilikwenda nafasi za kukutana bila ajenda. Na kwa kuwa jengo moja hutumiwa na kata mbili, tatu, hata nne, kata inayofuata huwa tayari inaegesha magari wakati ya kwanza inaimba wimbo wa kufunga. Hakuna pa kusimama ukapiga soga.

Uamuzi wa 1 Januari 1990 haujulikani sana, nao ndio ulioigusa karamu moja kwa moja. Kabla ya hapo, kata ilichangisha bajeti yake kwa waumini, juu ya zaka. Familia ilipangiwa kiasi, na maskini waliaibika. Tangu siku hiyo, Marekani na Kanada, matumizi ya kata yanalipwa kutoka kwenye zaka kwa posho inayokokotolewa kwa mahudhurio, nayo hupitia kigingi. Waumini hawatakiwi kuchangishwa tena kwa shughuli, na harambee zimebanwa hadi kufikia, kimsingi, kambi moja ya vijana kwa mwaka pale bajeti isipotosha. Kwa maskini hii ilikuwa haki, na nasema hivyo bila kusita. Ila angalia hesabu inavyojizungusha: mahudhurio yakishuka, posho inashuka. Posho ikishuka, karamu ya Krismasi inabaki na nyama ya nguruwe, viazi na sahani za karatasi, na ile ya Agosti inafutwa. Aliyekuwa akija kwa sababu ya karamu ya Agosti hahesabiwi mwaka unaofuata.

Mwaka 2010 mwongozo mpya uliondoa kamati ya shughuli ya kata. Hadi hapo kulikuwa na mtu mwenye wito (kazi ya kujitolea ambayo muumini anakabidhiwa na kanisa) wa shughuli hizo tu: kuchagua tarehe, kukamata ukumbi kabla kata nyingine haijaukamata, kugawa vyakula ili zisije saladi 20 na kuku mmoja, kupanga wa kuosha vyombo na wa kukunja viti. Kazi ikahamia baraza la kata, yaani watu walewale wanaowatembelea wagonjwa na kuandaa mazishi. Wao hawakukataa. Iliangukia tu mwisho wa orodha yao, na kwenye kikao cha dakika 60 mwisho wa orodha haufikiwi.

Baada ya hapo mambo yalifuatana haraka. Januari 2019 saa tatu zikawa mbili: dakika 60 za sakramenti, 10 za kuhama, 50 za darasa. Tarehe 31 Desemba 2019 uhusiano na Skauti wa Marekani, wa tangu 1913, ukakoma. Igizo kubwa la kanisa kwenye kilima cha Cumorah, New York, lililoanza 1937, lilichezwa mara ya mwisho kiangazi cha 2019.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika maelezo haya, na mara nyingi inawekwa vibaya. Kanisa lilitambuliwa rasmi Kenya 1991. Maana yake, kata na matawi ya huku yalizaliwa ndani ya ratiba ya 1980, katika zama za bajeti mpya, bila kuonja MIA hata siku moja. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam akiambiwa kwamba kata yake "imepoteza" maigizo ya kuzunguka, anaambiwa habari za nyumba ambayo hakuwahi kuishi. Kilichomfikia ni mpango uliopunguzwa kwa ajili ya watu waliokuwa wamechoka na mikutano mingi, naye hakuwa mmoja wao.

Basi, kwa upole: "kata imepooza" ni sentensi isiyobeba habari. Ibada inaweza kujaa hadi ukuta wa kukunja ufunguliwe na viti vipangwe kwenye uwanja wa kikapu ulio nyuma yake ndani ya jengo, na bado kata, kwa maana yake ya 1849, isiwepo, kwa kuwa mtu wa safu ya tatu hajui jina la mtu wa safu ya nne anayeishi nyumba ya tano kutoka kwake. Inaweza pia kuwa ibada ya watu 60 na kata ikawa nzima. Sema kilichopungua ni kipi: usiku wa wiki, fedha, ukumbi, au mtu mwenye wito. Tatu za kwanza zinaamuliwa Salt Lake City au kwenye kigingi. La nne liko mikononi mwa askofu: mwongozo ulifuta kamati, haukumzuia kumwomba mtu mmoja ashike daftari la vyakula na ufunguo wa jiko.